Upepo wa matairi ya gari la familia: nijaze ngapi, lini na vipi?

"Nijaze upepo ngapi?" Swali hili haliishi, na mara nyingi anayelijibu hajauliza hata ni gari gani. Mmoja atakwambia 30, mwingine 35, wa tatu atalipiga tairi teke na kusema liko sawa. Jibu lako limeshaandikwa kwenye gari lenyewe. Ukishalisoma, kazi inayobaki ni kupima tairi likiwa limepoa, kujaza kwa utaratibu, na kulijua mapema tairi linaloibia upepo kidogokidogo.

Maelezo haya ni ya gari dogo la kawaida, la viti vitano hadi saba, lenye matairi yasiyo na tyubu. Malori na pikipiki yana hesabu zake.

TAFUTA NAMBA YA GARI LAKO

Fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo ambako mlango hujifungia, au kwenye ukingo wa mlango wenyewe, kuna stika yenye mchoro wa gari au tairi. Isipokuwepo hapo, tazama ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta, kisha kwenye kitabu cha gari. Stika hiyo inataja saizi ya tairi (kwa mfano 195/65 R15), presha ya mbele na presha ya nyuma. Stika nyingi zina safu mbili: moja ya safari ya watu wachache, nyingine ya gari lililojaa watu na mizigo. Zisome zote mbili.

Magari mengi ya familia huangukia kati ya psi 30 na 36 (psi ni kipimo cha presha ya upepo), lakini usiichukue hiyo kama ruhusa ya kukisia. Magari mawili yenye tairi za saizi moja yanaweza kuhitaji presha tofauti kwa sababu uzito wake haufanani.

Stika ikiwa na vipimo tofauti na vya geji yako (kifaa cha kupimia upepo), badilisha hivi:

kPa 200 = bar 2.0 = psi 29
kPa 220 = bar 2.2 = psi 32
kPa 240 = bar 2.4 = psi 35
kPa 250 = bar 2.5 = psi 36

Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huwa na namba mbili, mfano 230 na 2.3. Ya kwanza ni kPa, ya pili ni kgf/cm², ambayo kwa kazi hii iko karibu sawa na bar. Hizo ni kama psi 33.

Sasa kosa linaloongoza kuliko yote: kusoma namba iliyo ubavuni mwa tairi. Pale utaona maandishi kama MAX PRESS 44 PSI au 51 PSI. Huo ni ukomo wa tairi, yaani kiwango ambacho halipaswi kuvushwa. Kiwanda cha tairi hakijui tairi litafungwa kwenye gari gani, kwa hiyo hakiwezi kukuambia gari lako linataka ngapi. Anayejaza 44 kwenye gari la 32 hajaongeza usalama wowote.

Kama matairi yaliyofungwa si ya saizi iliyo kwenye stika, namba ya stika haitoshi tena. Hapo mwombe fundi wa matairi akutafutie presha kwenye jedwali la uzito la saizi mpya.

VITU VYA KUWA NAVYO

Geji ya upepo iliyo yako mwenyewe. Zipo za umbo la kalamu, za uso wa saa na za kidijitali. Yoyote inafaa mradi isome hadi psi 60 na uitumie hiyohiyo kila mara. Geji iliyofungwa kwenye mpira wa mashine za vituo vya mafuta huangushwa na kukanyagwa kutwa nzima, usiiamini peke yake.

Chanzo cha upepo: kompresa ndogo ya volti 12, pampu ya mguu, au mashine ya kituoni. Pampu ya mguu ni kazi ya jasho lakini haina fyuzi ya kuungua.

Chupa ya kunyunyizia yenye maji na matone machache ya sabuni ya vyombo, kitambaa, vifuniko viwili vitatu vya valvu vya akiba, na daftari la kuandikia. Daftari usilidharau, utaona sababu yake baadaye.

KUPIMA TAIRI LIKIWA BARIDI

Namba ya stika ni ya tairi baridi. Tairi baridi maana yake gari limesimama saa 3 au zaidi, au limetembea taratibu chini ya kilomita 2. Hata asubuhi yenye joto tairi lililolala ni baridi kwa maana hii.

Gari likitembea, tairi hujikunja na kujikunjua kila linapozunguka. Linapata joto, hewa ya ndani inatanuka, na presha hupanda psi 4 hadi 6. Hali ya hewa nayo ina mkono wake: joto likipanda au kushuka kwa nyuzi 5 hadi 6 za Selsiasi, presha hupanda au kushuka kwa takriban psi 1. Ndiyo maana matairi ya upande unaopigwa na jua yanaweza kusoma juu kuliko ya upande wa kivulini. Pima asubuhi kabla jua halijachomoza vizuri, kisha hutakuwa na cha kukisia.

ONYO: Usipunguze upepo wa tairi lililopata moto ili lifikie namba ya stika. Litakapopoa litakuwa chini kwa psi 4 au zaidi, na kesho utaondoka na matairi malegevu ukidhani umeyarekebisha.

HATUA KWA HATUA

1. Egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono. Kama umetoka safarini, subiri zile saa 3 au ahirisha hadi asubuhi.

2. Andika namba za stika kwenye daftari: mbele ngapi, nyuma ngapi. Chagua safu inayolingana na mzigo wa siku hizo.

3. Zunguka ukague kila tairi kwa macho. Tafuta msumari, mkato, nyufa za ubavuni na uvimbe. Uvimbe kama yai ubavuni maana yake nyuzi za ndani zimekatika. Tairi hilo haliongezwi upepo wala halizibwi. Linabadilishwa.

4. Fungua kifuniko cha valvu ukitie mfukoni. Kikiwekwa chini hupotea, ni sheria ya dunia. Futa mdomo wa valvu, maana chembe moja ya mchanga ikisukumwa ndani inatosha kuifanya valvu ivuje.

5. Bandika geji kwenye valvu ikiwa imenyooka, sukuma kwa nguvu na kwa haraka. Utasikia "sss" fupi kisha kimya. Sauti ikiendelea, geji imekaa upande na namba utakayosoma ni ya uongo. Pima mara mbili. Vipimo vikipishana zaidi ya psi 1, pima tena.

6. Pima matairi yote manne na uandike kabla ya kuongeza upepo wowote. Wengi hurukia kujaza tairi la kwanza, halafu hawajui tena lipi lilikuwa limepungua kuliko mengine. Tairi lililo chini ya wenzake kwa psi 4 lina tatizo, na tatizo hilo halitibiwi kwa kujaza tu.

7. Jaza. Kwa kompresa ya volti 12, washa injini ili usimalize betri, na ufanye hivyo nje, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu moshi wa gari unaua. Funga kichwa cha mpira hadi kikae imara, washa kompresa, izime kila baada ya muda mfupi upime kwa geji yako. Kompresa hizi ndogo hupata moto haraka: baada ya dakika 10 hivi za kufanya kazi mfululizo, ipumzishe kama maelekezo yake yanavyosema. Kwa mashine ya kituoni, ambayo ina nguvu zaidi, bonyeza sekunde 3 hadi 5, achia, pima, rudia.

8. Vuka lengo kwa psi 1 au 2, kisha shusha. Bonyeza kwa ukucha au ncha ya geji ule msumari mdogo ulio katikati ya valvu, kidogokidogo, ukipima kila mara. Ni rahisi kushuka hadi namba kamili kuliko kuvizia ukiwa unapanda.

9. Linganisha kushoto na kulia. Matairi ya ekseli moja yasipishane zaidi ya psi 1. Mbele na nyuma yanaweza kutofautiana kama stika inavyosema, na hilo si kosa la uchapaji.

10. Nyunyizia maji ya sabuni kwenye mdomo wa valvu. Mapovu yakikua, inavuja (tazama sehemu ya matatizo). Ikiwa kimya, futa, rudisha kifuniko na ukikaze kwa vidole tu. Valvu za chuma zenye kihisi cha presha ndani zifunikwe kwa kifuniko cha plastiki. Vifuniko vya chuma vya urembo hung'ang'ania kwa kutu, na kukitoa kunaweza kuvunja valvu yenyewe.

11. Pima spea. Tairi jembamba la dharura huwa linataka psi 60, na limeandikwa hivyo ubavuni pamoja na ukomo wa mwendo, kwa kawaida kilomita 80 kwa saa. Spea ya saizi kamili ijaze hadi namba kubwa zaidi iliyo kwenye stika. Siku utakapoifunga utashusha, na kushusha hakuhitaji pampu.

12. Kama gari lako linakadiria presha kwa kulinganisha mizunguko ya magurudumu, bila vihisi ndani ya tairi, liambie kwamba umejaza upya. Huwa kuna kitufe au kipengele kwenye menyu ya dashibodi. Kibonyeze baada ya kujaza tu. Ukikibonyeza ili kuzima taa wakati tairi ni legevu, umelifundisha gari kwamba ulegevu ndio hali ya kawaida.

UKILAZIMIKA KUJAZA KITUONI, TAIRI LIKIWA NA MOTO

Pima nyumbani asubuhi kabla ya kuondoka, uandike pengo. Tuseme stika inataka 33, na tairi la mbele kushoto limesoma 28. Pengo ni 5. Ukifika kituoni pima tena: tuseme sasa linasoma 31 kwa sababu ya joto. Ongeza lilelile pengo la 5, yaani jaza hadi 36. Likipoa litarudi karibu na 33.

Kama hukupima asubuhi, na tairi lenye moto linasoma chini ya stika, jaza hadi namba ya stika ukiongeza psi 4, kisha pima tena kesho likiwa baridi urekebishe.

Mashine za kidijitali ambazo unaweka namba kisha zinalia zikimaliza ni nzuri, ila nazo hazijui kama tairi lako ni baridi au lina moto. Hesabu hiyo ni yako.

SAFARI NDEFU NA MZIGO KAMILI

Abiria watano na buti lililojaa ni safu ya pili ya stika. Mara nyingi matairi ya nyuma ndiyo huongezewa zaidi, kwa sababu mzigo unakaa huko. Jaza siku ya kuondoka asubuhi, na ukirudi ushushe. Stika ikiwa na namba moja tu, hiyo inatumika kwa hali zote.

Kuna ushauri mmoja hatari unaosambaa: "Safari ndefu, jua kali, punguza upepo ili tairi lisipasuke." Ni kinyume kabisa. Tairi legevu hujikunja zaidi, kujikunja zaidi kunazalisha joto zaidi, na joto ndilo linalotenganisha tabaka za tairi hadi likapasuka. Kupanda kwa presha njiani kumeshahesabiwa na waliotengeneza gari. Liache.

MARA NGAPI?

Mara moja kwa mwezi, kabla ya safari ndefu, na majira yanapobadilika. Hewa hupenya kwenye mpira taratibu hata tairi likiwa zima, na kupungua kwa psi 1 hadi 2 kwa mwezi ni kawaida. Hapa ndipo daftari linapolipa: likionyesha tairi moja linapoteza psi 3 au 4 wakati wenzake wanapoteza 1, una pancha ndogo au valvu mbovu, na umeijua ukiwa nyumbani.

MAKOSA MENGINE YANAYOJIRUDIA

Kupima kwa jicho au teke. Matairi ya siku hizi hufutuka kidogo kwa chini hata yakiwa na presha sahihi, na tairi lililopoteza robo ya upepo wake linaweza kuonekana zima.

Kujaza sana ili kuokoa mafuta. Ni kweli tairi legevu hula mafuta, lakini kupita stika kunapunguza eneo la mpira linaloshika barabara, gari linarukaruka kwenye mashimo, na katikati ya tairi panaisha mapema.

Kudhani nitrojeni inaondoa haja ya kupima. Hewa ya kawaida ina nitrojeni asilimia 78 tayari. Nitrojeni haina ubaya, na unaweza kuichanganya na upepo wa kawaida bila shida, ila haizibi tundu la msumari.

Kujaza tairi lililoendeshwa likiwa halina kitu. Hata kwa umbali mfupi, rimu huwa imesaga ubavu kwa ndani. Fundi alivue alikague kwanza. Akikuta unga mweusi wa mpira ndani, tairi hilo limekwisha.

TAIRI LENYEWE HUONGEA

Likiisha kingo zote mbili huku katikati pazima, limekuwa likiendeshwa na upepo mdogo. Likiisha katikati, upepo umezidi. Likiisha ukingo mmoja tu, acha upepo na utafute alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu. Ndani ya mifereji kuna vinundu vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6. Uso wa tairi ukilingana navyo, hilo ni kipara, hata uweke presha gani.

MATATIZO NA TIBA

Taa ya tairi imewaka (alama ya kiatu cha farasi yenye alama ya mshangao). Simama mahali salama na upime. Kwenye magari mengi taa hii huwaka presha ikiwa imeshuka kwa robo hivi, kwa mfano 24 badala ya 32, kwa hiyo taa kuwa kimya si ushahidi kwamba yote ni sawa. Ikiwaka asubuhi ya baridi na kuzimika ukishatembea, presha iko chini na joto limeificha. Jaza.

Taa inapepesa kwa dakika moja hivi kisha inabaki inawaka. Hitilafu iko kwenye mfumo wenyewe, aghalabu kihisi kilichoishiwa betri. Pima kwa mkono hadi kitengenezwe.

Tairi moja linapungua kila wiki. Lijaze hadi namba ya stika, kisha nyunyizia maji ya sabuni sehemu tatu na usubiri dakika chache. Mapovu katikati ya valvu: kiini chake kimelegea au kina uchafu. Kibonyeze haraka mara mbili kupuliza chembe, au kikaze kidogo sana kwa kifaa chake, na kikiendelea kibadilishwe. Mapovu shinani mwa valvu: mpira wake umepasuka, valvu nzima ibadilishwe. Mapovu ukingoni, tairi linapokutana na rimu: kutu au rimu iliyopinda, na tairi lazima livuliwe, rimu isafishwe au inyooshwe. Mapovu kwenye uso unaokanyaga barabara: kuna kitu kimechoma.

Umeona msumari. Usiung'oe ukiwa peke yako njiani, kwa sababu mara nyingi ndio unaoziba tundu. Jaza upepo, nenda taratibu kwa fundi aliye karibu, au funga spea. Kiraka cha kuaminika huwekwa kwa ndani, tairi likiwa limevuliwa, chenye kijiti kinachojaza tundu na bapa linaloshika ndani. Uzi unaosokomezwa kwa nje ni wa kukufikisha tu. Tundu la ubavuni au karibu na ukingo halizibwi.

Yote manne yamepungua kwa kiasi kilekile. Siku zimekuwa baridi zaidi au umetumia geji nyingine. Geji mbili zikipingana, zilinganishe zote na ya fundi wa matairi kwenye tairi moja, kwa wakati mmoja, na ukumbuke tofauti.

Kompresa inanguruma lakini namba haipandi. Kichwa hakijabonyeza kiini cha valvu. Kifungue, kinyooshe, kifunge tena. Ikinyamaza kabisa, angalia fyuzi ya soketi.

Gari linavuta upande mmoja. Kabla hujalipia alaimenti, pima matairi ya mbele. Likiwa limelegea upande huohuo linakovuta, jaza yote mawili sawa na uliendeshe tena. Likiendelea kuvuta, sasa mpelekee fundi.